Hoteli Isiyo na Mwenyeji: Mafunzo Niliyopata kwa Kulala Hoteli za Bei Nafuu

Ilikuwa saa 5 usiku, mwezi wa Novemba, si mbali na uwanja mmoja wa ndege nje ya London. Shangazi yangu alikuwa amekaa juu ya begi lake, kajitanda kanga juu ya koti, na mimi nimesimama mbele ya mlango wa kioo uliokuwa unadai namba ambazo sikuwa nazo. Ndani taa zinawaka. Tuliona makochi, tuliona mashine ya kahawa, tuliona hata kapu la matofaa mezani. Mtu hakuwapo. Namba za kufungulia mlango zilitumwa kwa barua pepe, na simu yangu, yenye laini ya nyumbani, haikuwa na intaneti. Tulikaa nje dakika 40, hadi kijana mmoja, mgeni kama sisi, alipotoka kuvuta sigara akatushikia mlango.

Chumbani shangazi aliminya godoro, akafungua bomba, akaona maji ya moto yanatoka. Akasema, "Hoteli nzuri, mwanangu. Ila haina mwenyeji."

Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu hunipeleka kwenye mikutano ya watu wenye fedha kuliko mimi, lakini posho ya malazi nalipwa kwa kiwango changu, kwa hiyo kwa miaka mingi nimelala katika hoteli za matawi: jina moja, rangi moja, chumba kimoja kilichorudiwa mara mamia, mji baada ya mji. Mara nyingine nimesafiri na shangazi, mwenye duka la abaya na mitandio huko Ngamiani, Tanga, na mara mbili nimesafiri na mama. Wote wawili ni wageni wenye macho makali kuliko yangu. Mengi niliyoyaandika hapa nimeyaona baada ya wao kuyaona.

1. Bei ya kwanza ni bei ya kitanda tu

Safari ya kwanza kwenda Dubai na shangazi nilimpigia hesabu ya usiku 5, hoteli ya kawaida karibu na Deira, nikamwambia kiasi, naye akakitenga kwenye pochi yake ndogo. Fedha iliyobaki yote ilikuwa ya mzigo. Tulipofika mapokezi tukaambiwa kuna ada ya utalii. Ada hiyo ni ya serikali, ilianza kutozwa mwaka 2014, na ni dirham 7 hadi 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli. Juu ya hapo tukatakiwa kuweka amana ya dirham 500, ambayo ingerudishwa siku ya kuondoka.

Dirham 500 kwa mchuuzi wa abaya si fedha ya kukaa dhamana siku 5. Ni mzigo ambao hautanunuliwa. Shangazi alilipa kimya kimya, akaenda sokoni akiwa na pengo hilo, na kuna mtandio aliouacha soko la Naif ambao anautaja mpaka leo.

Hoteli haikutudanganya. Maneno yote yalikuwapo, katika herufi ndogo chini ya ile bei kubwa niliyoifurahia. Tangu hapo, kabla ya kulinganisha hoteli mbili, nachukua karatasi na kujumlisha: kitanda, ada ya serikali, amana, chai ya asubuhi, kuingia mapema kama ndege inatua alfajiri, na nauli ya kutoka hotelini hadi mahali ninapokwenda. Hili la mwisho wengi hulisahau. Hoteli ya nje ya mji yenye bei ya chini huweza kula tofauti yote kwa teksi 2.

Kuna kampuni zilizofanya jambo hili kuwa ndiyo biashara yenyewe. EasyHotel ilipofungua hoteli yake ya kwanza Kensington, London, mwaka 2005, iliiga mtindo wa mashirika ya ndege za bei nafuu: chumba kidogo sana, na vingine vyote, hata kuwasha runinga, vililipiwa pembeni. Watu wengi waliuponda. Mimi sioni ubaya wa kuuza kitu kidogo kwa bei ndogo. Kama siangalii runinga, kwa nini nimlipie anayeiangalia? Ninachodai ni kwamba kila kilichoondolewa kitajwe kwa herufi zenye ukubwa uleule wa bei.

2. Viza kwanza, bei ya chini baadaye

Hoteli hizi huwa na bei mbili kwa chumba kilekile. Moja ni ya chini, na ukishalipa hairudishwi. Nyingine ni ya juu kidogo, na unaweza kughairi hadi siku ya kufika, au siku moja kabla. Mwenye pasipoti isiyodaiwa viza huchagua ya kwanza bila kufikiri. Sisi tunatakiwa kufikiri.

Mwaka mmoja nilichukua ile ya chini, usiku 4, nikaambatanisha risiti na maombi yangu ya viza kwa sababu niliamini ingeonyesha kwamba safari ni ya kweli. Viza ikatoka siku 2 baada ya mkutano kwisha. Chumba kilikaa kitupu usiku wote 4, nami nimelipa. Niliandika barua, nikajibiwa kwa adabu kwamba masharti niliyakubali.

Msomaji mwenye pasipoti kama yangu, lipa ile ya juu. Tofauti huwa ndogo, na hiyo ndiyo bima yako.

3. Chumba kinachofanana popote ni msaada kwa mgeni wa mbali

Nimesikia wasafiri wenye uzoefu wakilaumu kwamba hoteli hizi hazina sura, kwamba ukiamka hujui uko mji gani. Nilikuwa nakubaliana nao mpaka niliposafiri na mama.

Mama ana zaidi ya miaka 70 na magoti yanamsumbua. Tulilala mji wa kwanza usiku 2, halafu tukahamia mji wa pili, hoteli ya jina lilelile. Usiku wa kwanza katika mji ule wa pili aliamka, akawasha taa, akaenda msalani, akarudi kulala, na mimi sikusikia kitu. Asubuhi nilimuuliza amewezaje bila kuniita. Akanijibu, "Swichi iko palepale." Kwa mzee aliye zaidi ya maili 4,000 kutoka kwake, swichi kuwa palepale ni heshima kubwa aliyofanyiwa.

Na ukitazama hoteli hizi zilivyoanza, utakuta nyuma yake kuna mgeni aliyeumia. Mwaka 1951 mfanyabiashara wa Memphis, Marekani, jina lake Kemmons Wilson, alisafiri kwa gari na mkewe na watoto wao 5 kwenda Washington. Njiani moteli zilimtoza dola 2 za ziada kwa kila mtoto, ingawa watoto walilala chumba kimoja na wazazi wao. Alirudi nyumbani na uchungu huo, na mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis. Mtoto aliyelala na wazazi wake hakutozwa kitu, na mgeni alijua atakuta nini kabla ya kufungua mlango. Maoni ya baba mmoja aliyetozwa kupita kiasi yakazaa hoteli za dunia nzima.

Waliofuata waliendelea kupunguza. Mwaka 1962 ikafunguliwa Motel 6 huko Santa Barbara, California, na namba iliyo kwenye jina lake ilikuwa bei: dola 6 kwa usiku. Runinga ilitazamwa kwa kutumbukiza sarafu. Ufaransa, hoteli ya kwanza ya ibis ilifunguliwa Bordeaux mwaka 1974, na mwaka 1985 Accor, kampuni yenye ibis, ikaleta Formule 1. Huko choo na bafu viliwekwa kwenye korido kwa wageni wote, chumba kikabaki na kitanda, kitanda kingine juu yake, na sinki pembeni. Aliyefika usiku wa manane hakukuta mtu: aliingiza kadi ya benki kwenye mashine iliyokuwa mlangoni, nayo ikampa namba za kufungulia.

Mlango uliotuzuia mimi na shangazi ulikuwa na umri mrefu kuliko nilivyodhani.

4. Uliza maji, dirisha na bafu kabla ya kuuliza kitu kingine

Maswali ambayo hoteli huyajibu kabla hujauliza ni yale ya wageni wao wa kawaida: kuna intaneti, kuna maegesho, mbwa anaruhusiwa? Maswali yetu lazima tuyaulize wenyewe.

La kwanza ni maji. Kwetu Pwani choo bila maji hakijakamilika. Dubai huna haja ya kuuliza, kwa kuwa kila choo kina mpira wa maji pembeni, na mara nyingi hata mshale wa kibla umebandikwa darini au ndani ya droo. Uingereza utakuta karatasi tu. Nabeba kopo jepesi la plastiki lenye mdomo, linakaa ndani ya kiatu begini, na silisahau kama nisivyoisahau pasipoti. Shangazi hubeba la kwake na la akiba, na akikutana na mama mwingine wa Kiswahili mwenye uso wa kutafuta, humpa lile la akiba bila maneno mengi.

La pili ni dirisha. Niliwahi kuokoa pauni 12 kwa kuchukua chumba kisicho na dirisha katikati ya London. Kwenye picha kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na ukuta. Mimi nilikuwa kutwa kazini, nilikuja kulala tu, sikuona shida. Shangazi hakulala. Aliamka mara 3 kuniuliza kama kumekucha, kwa hofu ya kupitwa na sala ya alfajiri. Simu ilimwambia saa, lakini mtu aliyezoea kuiona alfajiri kwa macho yake haamini kioo cha simu katika giza namna ile. "Chumba hiki hakijui mchana," alisema wakati anafunga begi. Siku hiyohiyo nililipa zile pauni 12 na zaidi, tukahamia upande wa barabara.

La tatu, na hili nalisema kwa kila anayesafiri na mzazi, ni bafu. Vyumba vingi vya hoteli hizi Uingereza vina hodhi refu la kuogea lenye kingo inayofika magotini, na bomba la mvua liko juu yake. Mama alisimama mbele ya kingo ile, akaishika, akaiachia. Siku ya kwanza aliogea kwenye sinki kwa kitambaa, wala hakuniambia. Nilijua kwa sababu sakafu ya lile hodhi ilikuwa kavu.

Nilishuka mapokezi. Kumbe wana vyumba vyenye bafu la sakafu tambarare, unaingia kama unavyoingia chumba kingine chochote, kuna kiti cha kukalia na vyuma vya kushikilia ukutani. Vilikuwa bei sawa na chumba tulichokuwa nacho. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamtaka mtoa huduma afanye marekebisho yanayowezekana kwa mtu mwenye ulemavu, na haruhusiwi kumtoza mtu huyo gharama za marekebisho hayo. Lakini vyumba hivi ni vichache katika kila hoteli, na huwahiwa. Ukipiga simu wiki 2 kabla utakipata. Ukifika saa 4 usiku utaambiwa pole.

Mama hakujihesabu kuwa mlemavu, na neno hilo kwake lilikuwa zito. Nilimwambia ni chumba cha wazee wanaoheshimika. Akaoga nusu saa nzima, nikimsikia anaimba.

5. Chai ya asubuhi

Kwetu mtu akisema anakwenda hoteli, huenda anakwenda kula wali na maharage, hana habari ya kulala. Labda ndiyo maana tunaudhika tukiambiwa chakula hakimo katika bei. Mimi nimejifunza kuuliza mambo mawili tu. Je, watoto wanalipiwa? Hoteli za Premier Inn za Uingereza, kwa mfano, huwapa watoto 2 chai ya asubuhi bure kwa kila mtu mzima anayelipia yake, na kwa mama mwenye watoto 2 hilo ni jambo kubwa. Na soseji ni za nyama gani? Uingereza, usipoambiwa vingine, ni nguruwe, na mara nyingi mayai yanakaangwa jirani naye. Omba mayai ya kuchemsha.

Chumbani huwa kuna jagi la umeme. Beba majani yako ya chai, tangawizi na iliki. Asubuhi ya baridi, harufu ile itakufaa kuliko meza nzima ya huko chini.

6. Ukiwa na shida, sema usiku huohuo

Tumelelewa kwamba mgeni halaumu. Unakula ulichopewa, unalala ulipoonyeshwa, na ukiulizwa unasema nimelala salama. Malezi haya nayapenda na sitaki yafe. Lakini yana mahali pake, nyumbani kwa watu, si mahali ulipolipa.

Usiku mmoja kipasha joto cha chumbani kwetu kilikuwa kibovu. Mama alijifunika koti juu ya blanketi, akalala na soksi mbilimbili. Nilimwambia nishuke nikaseme, akanikataza: "Usiwasumbue watu usiku." Asubuhi, wakati wa kurudisha kadi ya mlango, ndipo nikasema. Binti wa mapokezi alisikitika kweli. Alitazama kompyuta, akaniambia usiku ule kulikuwa na vyumba 9 vitupu ghorofa ileile.

Premier Inn ilijijengea jina Uingereza kwa ahadi kwamba mgeni asiyelala vizuri atarudishiwa fedha yake. Ahadi kama hiyo ina maana kwa mgeni anayefungua mdomo, na inafungua mlango kwa wahudumu kurekebisha kabla mambo hayajaharibika. Ukisema saa 4 usiku, unapewa chumba kingine. Ukisema saa 4 asubuhi, unapewa pole. Ukinyamaza ukaenda kuyaandika kwa hasira baada ya wiki, hupewi kitu, na yule binti anasomewa barua kwa kosa ambalo hakuwa na nafasi ya kulirekebisha.

Lugha isikuzuie. "Baridi. Chumba kingine, tafadhali." Maneno haya machache, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho, yanatosha.

7. Kabla ya kuamini maoni ya mgeni, jua alikuja kufanya nini

Kila mtu siku hizi husoma maoni ya wageni waliotangulia. Nami nasoma. Ila nimejifunza kuuliza swali ambalo alama za nyota hazilijibu: huyu aliyeandika alikuwa nani, na alilala siku gani?

Jumatatu hadi Alhamisi, hoteli hizi za Uingereza hujaa mafundi ujenzi na mafundi umeme wanaofanya kazi mbali na kwao. Wanalala mapema, wanaamka mapema, korido ni kimya saa 3 usiku. Wanachokisifia ni maegesho ya magari yao na chakula cha moto kinachoanza alfajiri. Ijumaa na Jumamosi jengo lilelile hujaa vijana waliokuja kwenye muziki au harusi, na kelele huendelea hadi saa 9 usiku. Mgeni wa Jumanne akiandika "pametulia" na mgeni wa Jumamosi akiandika "hapalaliki", wote wawili wamesema kweli.

Lakini maoni yaliyonigusa kuliko yote hayakuandikwa popote. Niliyapata kwenye chumba cha kufulia nguo, katika hoteli moja ya mji wa katikati ya England. Nilikuwa naongea na mama kwa simu, nikasikia nyuma yangu, "Dada, wewe unatoka wapi?" Alikuwa mwanamke wa Bukavu, Kongo, mwenye watoto 3. Halmashauri ya mji ilikuwa imewaweka pale baada ya kukosa nyumba. Watoto wawili walikuwa wanafanya kazi za shule juu ya ubao wa kupigia pasi, kwa sababu chumbani kulikuwa na meza moja na ilikuwa imejaa vyombo. Jiko hakuna. Alikuwa anachemsha maji kwenye jagi, anamwaga kwenye bakuli la tambi. Wiki ya 9.

Nilimuuliza hoteli anaionaje. Alifikiri kidogo. "Usiku moja hapa ni muzuri sana. Miezi miwili ni kifungo."

Sheria ya England inasema familia yenye watoto isiwekwe kwenye malazi ya namna hiyo, yasiyo na jiko lao, zaidi ya wiki 6. Yeye alikuwa amezipita 3. Chumba chake kilikuwa sawa kabisa na changu: pazia lilelile, zulia lilelile, swichi palepale. Mimi nilikuwa nimekisifia asubuhi ile kwamba hakina kitu cha ziada. Kwa anayekaa usiku 2, kukosekana kwa kabati ni nafuu ya bei. Kwa mama mwenye watoto 3 na maisha yote ndani ya mabegi 4, ni nguo zilizorundikana miguuni mwa kitanda kila siku inayokwenda kwa Mungu. Watu wanaofanya maamuzi ya kuweka familia mahali kama pale wangelala humo wiki 1 na watoto wao, nadhani zile wiki 6 zisingevukwa.

Nilipika chai ya tangawizi, tukanywa pale chumba cha kufulia, sote watano. Sijui jambo jingine nililoweza kufanya usiku ule.

8. Mashine haipokei mgeni

Narudi kwenye mlango wa kioo. Nimeueleza usiku ule kwa watu wengi, na wengi hunijibu kwamba kosa ni langu, ningenunua laini ya simu uwanja wa ndege. Ni kweli, na sasa nanunua, na namba za mlango naziandika kwenye karatasi. Lakini nyumba ya wageni inayomhitaji mgeni awe na simu nzima, chaji, intaneti, kadi ya benki na macho ya kusoma herufi ndogo, imeshachagua nani ni mgeni wake. Shangazi yangu, mwenye fedha halali mkononi na aliyezunguka Dubai na Guangzhou kwa miaka, hakuwamo kwenye orodha hiyo. Angekuwa peke yake angelala nje.

Mashine nazikubali kwenye kazi yake. Mgeni aliyechoka, anayejua anachofanya, hubonyeza mara 3 akapata kadi na kwenda kulala bila foleni, nami nimekuwa mgeni huyo mara nyingi. Shida huanza pale mashine inapowekwa mahali pa mtu badala ya kuwekwa pembeni yake. Jina langu kwenye pasipoti ni la maneno matatu, na kwenye risiti ya hoteli lilikaa la maneno mawili. Mashine moja ilinikataa mara 4. Kijana wa mapokezi aliyekuwa nyuma ya meza aliangalia, akacheka, akasema hata babu yake ana majina mengi, akanipa ufunguo. Ilimchukua chini ya dakika 1.

Nikikumbuka gesti za kwetu nilizolala nikiwa mwanafunzi, Korogwe, Morogoro, Singida, nakumbuka kwanza kasoro zake. Komeo limelegea, chandarua kina matundu, kandambili za bafuni zimeloa, na bei anaijua mhudumu peke yake, hubadilika kwa kadiri ya begi lako. Kisha nakumbuka kile kitabu kikubwa cha wageni: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Nilikichukia kitabu kile, nikikiona kama polisi. Lakini mhudumu alipoandika "Dodoma, basi la saa 12", alikuwa amejua jambo. Saa 10 alfajiri aligonga: "Dada, basi lako." Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Sijawahi kupitwa na basi nikiwa gesti.

Sasa hoteli za matawi zinakuja kwetu. City Lodge, iliyoanzia Johannesburg mwaka 1985, ilijenga hadi Nairobi na Dar es Salaam. ibis iko Nairobi. Wenye fedha wa hapahapa wanaanza kuiga, na wataiga zaidi, kwa kuwa wafanyabiashara wadogo, wanafunzi na wagonjwa wanaofuata hospitali kubwa wanazidi kusafiri, nao wanahitaji kitanda safi kwa bei wanayoweza. Nawaomba waige kweli. Waige godoro. Waige bei iliyobandikwa ukutani ambayo haibadiliki kwa sura ya mtu. Waige komeo linalofunga, bafu lisilo na kingo la mama yangu, swichi iliyo palepale, na mtoto anayelala na wazazi wake bila kutozwa.

Usiku, wamwache mtu pale mapokezi.

Shangazi ameshakwenda Deira mara 4 tangu usiku ule wa Novemba. Kabla ya kulipa hunipa simu nimpigie mwenye hoteli, anasogea karibu asikie jibu kwa masikio yake, na swali lake ni moja: "Saa 5 usiku, nani atanifungulia?" Wenye hoteli wa Tanga, Mombasa, Kampala na Kigali, atawapigia na ninyi. Muwe na jina la mtu wa kumtajia.